Miezi 6 ya hospisi haimaanishi baba ataachwa

Pole sana dada kwa kuuguza. Umeuliza kama Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, itamkatia baba matibabu miezi 6 ikiisha, maana daktari wenu huko Marekani ametaja hospisi, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa aliye karibu na mwisho wa maisha. Haitamkatia. Miezi 6 ni makadirio tu ya madaktari wawili, kwamba saratani ikiachwa iende mkondo wake, huenda asivuke hapo. Akivuka, daktari wa hospisi anathibitisha upya: vipindi 2 vya siku 90, kisha vya siku 60, hata viwe vingapi.

Kinachokatwa ni kingine. Baba akishatia saini ya kuingia hospisi, Medicare hailipii tena dawa za kuponya saratani ile. Inalipia nesi, dawa za maumivu, kitanda cha hospitali pale nyumbani. Kisukari chake kinaendelea kutibiwa kama kawaida. Akibadili mawazo hata kesho, anajitoa kwa maandishi na kurudi kwenye matibabu.

Ila msidhani nesi atalala kwenu! Mimi nilidhani hivyo kwa mama mkwe. Anakuja, anaondoka, usiku wa manane ni nyinyi na simu ya hospisi, ambayo hupokelewa saa 24. Mkichoka, mzee anaweza kutunzwa kwingine hadi siku 5 mfululizo. Akihamia makao ya wazee, malazi na chakula Medicare hailipi. Hapo ulizeni kuhusu Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo.

Kabla ya saini, dai mkalimani wa hospitali, baba aulizwe mwenyewe kwa Kiswahili. Msimtwishe mjukuu kazi hiyo.