Chubwi bila moto: maswali yenu kuhusu risasi

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba mvuvi anaweza kujitengenezea chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia mshipi, kwa kuyeyusha madini ya risasi chakavu na kuyasubu, yaani kuyamimina, kwenye kalibu ya mchanga. Barua zimekuja kutoka Shangani hadi Kilwa Kivinje, na baadhi zimenionyesha kosa langu. Nilieleza moto na kalibu, nikasahau nyumba ambamo moto huo unawashwa. Naanza na barua iliyoninyima usingizi.

Shikamoo fundi. Mume wangu anavua kwa mshipi. Tangu asome makala yako anayeyusha risasi jikoni kwetu jioni, kwenye sufuria ya zamani ya ugali, nami napika pembeni. Nina mimba ya miezi mitano na mtoto wa miaka miwili. Anasema moshi wa risasi ni sawa na wa kuni tu. Ni kweli? (Mama, Mikindani)

Marahaba mwanangu. Si kweli, na nakuomba umsomee mumeo majibu haya leo hii.

Moshi wa kuni unakuchoma macho, unakohoa, unatoka nje. Risasi haikufukuzi. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 327, na jiko la mkaa linavuka hapo bila taabu. Ukilipulizia linapita 500, na hapo mvuke wa risasi unakuwa mwingi. Ila usiangalie mvuke peke yake. Angalia ule utando wa kijivu unaoelea juu ya risasi, ambao mumeo anauengua kwa upawa na kuubwaga chini. Ukipoa unakuwa unga. Unga huo unakaa sakafuni, unashika kanga yako, unaingia kwenye kucha za mtoto anayetambaa na kulamba vidole. Kwa kiasi kile kile kilichomezwa, mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima, na risasi huenda kwenye ubongo ambao bado unajengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Na huyo aliye tumboni: risasi hupita kondo la nyuma. Tena hujificha mifupani kwa miaka mingi, na mama anapokuwa mjamzito mwili wake huchota madini ya mifupa ili kumjenga mtoto, risasi ya zamani ikatoka pamoja nayo.

Basi shughuli hiyo iondoke jikoni leo, si kesho. Sufuria hiyo isipikiwe tena chochote, hata ikisuguliwa kwa mchanga na majivu. Kama ni ya alumini, haifai hata kwa risasi yenyewe, maana alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 na makaa yaliyopulizwa yanafika huko. Fikiria kilo tano za risasi ya moto zikitoboa kitako cha sufuria juu ya miguu ya mtu. Sakafu usiifagie, kwani ufagio unarusha unga hewani. Futa kwa kitambaa kibichi chenye sabuni, mara kadhaa, na kitambaa ukitupe. Kisha nenda kliniki, na mtoto umchukue. Mwambie daktari waziwazi kwamba nyumbani kwako kumeyeyushwa risasi. Dalili zake ni tumbo kuuma, choo kigumu, damu kupungua na mtoto kunyong'onyea, na kwetu huku dalili hizo humpeleka kila mtu kwenye malaria na minyoo. Usipolitaja wewe, daktari hana sababu ya kuliwaza.

Fundi, mimi ni kijana wa Lindi mjini. Nimeona video ya Mmarekani ana mashine ya mezani yenye mkono, anaweka kipande cha risasi baridi, anavuta mkono, kinatoka kidude cha bunduki ya upepo kimekamilika. Hakuna moto kabisa. Mimi nina jeki ya lori ya tani 5. Naweza kubana chubwi namna hiyo?

Unaweza, na swali lako ndilo lingekuwa makala yangu ya kwanza kama ningetulia.

Mashine uliyoiona kwa asili si ya kubania madini ya risasi. Ni ya wale wanaojaza upya maganda ya risasi za bunduki nyumbani, kazi ya kawaida Marekani. Kazi yake ya kuzaliwa ni nyepesi: kurekebisha ganda na kulishindilia kichwa. Wenye bunduki za upepo wameigeuza kwa kuifungia kinu kidogo cha chuma kigumu na mchi wake. Inaweza kazi hiyo kwa sababu ya viungo vya mkono wake: kadiri unavyokaribia mwisho wa mvuto, viungo vinanyooka na nguvu inazidi sana, pale pale risasi inapokataa kusogea. Jeki haina maringo hayo, inasukuma kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa chubwi naiona bora zaidi.

Siri iko kwenye madini yenyewe. Chuma ukikigonga kikiwa baridi kinazidi kuwa kigumu, lakini risasi safi haizidi ugumu namna hiyo. Katika joto letu hili inajirudia ulaini wake, ikibanwa inatiririka kama ugali mgumu kiganjani.

Unahitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni kinu: kipande cha shafti ya gari kilichotobolewa tundu la milimita 20, lililolainishwa hadi ling'ae, na ukuta usiopungua milimita 15 kila upande. Mpelekee mtu mwenye mashine ya kukereza. Ukikosa, ulizia SIDO (shirika la viwanda vidogo) au VETA (vyuo vya ufundi stadi), zote zipo Mtwara na Lindi. Cha pili ni michi miwili inayoingia humo kwa kubana bila kugongwa, mmoja wa chini na mmoja wa juu. Mchi ukicheza, risasi itapanda pembeni yake kama karatasi na kuung'ang'aniza. Cha tatu ni fremu ya chuma cha U iliyochomelewa vizuri, jeki ikae katikati.

Kwa nini milimita 20? Piga hesabu. Eneo la tundu hilo ni sentimita za mraba 3.14. Tani 5 juu yake ni kama kilo 1,600 kwa kila sentimita ya mraba, na risasi laini inasalimu amri mapema kabla ya hapo. Ukitaka chubwi nene ya milimita 30, jeki hiyo hiyo itakupa kilo 700 tu kwa sentimita ya mraba, na kona za kinu huenda zisijae. Tafuta jeki kubwa zaidi, au ridhika na chubwi nyembamba ndefu. Yenye unene wa milimita 20 na urefu wa sentimita 6 ina uzito wa gramu 214 hivi, inatosha kwa mshipi wa changu.

Ubavuni mwa kinu toboa tundu dogo la milimita 2, na usilione kama pambo. Kinu kikijaa, risasi ya ziada itatoka hapo kama uzi wa tambi. Ukiuona uzi, acha kusukuma. Chubwi zako zote zitakuwa na uzito karibu sawa, na kinu hakitapasuka kwa kulazimishwa. Hata hivyo usimame ubavuni mwa fremu, si mbele yake.

Paka kinu mafuta ya nyonyo kidogo mno, kwa kidole, kisha ukifute. Mafuta hayabanwi, yakibaki tone yatakuachia shimo kwenye chubwi. Risasi ikate kwa mkasi wa bati au patasi, vipande vikubwa vichache. Msumeno sikushauri, na grainda naikataza kabisa, kwa sababu inageuza risasi kuwa vumbi unalolivuta puani, na hapo umekimbia moto ukaangukia kwenye kitu kile kile. Sehemu ya kufungia mshipi itwange bapa kwa nyundo kisha uipekeche taratibu, vinyolea vidondoke kwenye ndoo.

Kuhusu vile vidude vya bunduki yenyewe, hapo sikufuati. Silaha na risasi zake zina sheria yake hapa Tanzania, ya mwaka 2015, na mahali pa kuanzia ni kituo cha polisi, si karakana.

Tukimaliza kusubu tunakunywa maziwa nusu lita kila mtu kuondoa sumu. Inasaidia? (Mafundi watatu, Mtwara)

Hapana, wanangu. Nililiamini jambo hili kwa miaka, niliachiwa na waliokuwa mafundi kabla yangu, na linaniuma kwa sababu linawapa watu ujasiri wa bure. Maziwa hayatoi risasi iliyokwisha kuingia. Kweli iliyomo ni ndogo: tumbo tupu linafyonza risasi zaidi, na chakula chenye kalsiamu na madini ya chuma, kama dagaa na mboga za majani, kinapunguza ufyonzaji. Kwa hiyo kuleni *kabla* ya kazi. Baada ya kazi nawa kwa sabuni hadi viwiko kabla hujagusa sigara, kikombe au mtoto. Nguo za kazi zibaki kazini, zisifuliwe pamoja na za nyumbani.

Kuna betri nyingi za sola zilizokufa huku Kitunda. Wazee wanasema ndani ni risasi tupu. Nizivunje?

Usizivunje. Ndani si risasi tupu. Sehemu kubwa ni tope lililokandamizwa kwenye vichane vyembamba, na tope hilo ni risasi iliyokwisha kuungana na asidi na oksijeni. Kwenye jiko lako halitakupa madini, litakupa unga na moshi. Utapata kidogo, na asidi utaimwaga ardhini karibu na kisima cha jirani.

Wenzetu wameshalipia somo hili. Owino Uhuru, kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliendeshwa ukutani mwa makazi ya watu. Watoto waliugua, na Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na mwanawe akaugua, alipigana hadi kiwanda kikafungwa. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, hapakuwa hata na kiwanda, watu walichekecha mchanga wenye mabaki ya betri. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Betri iuze nzima, ikiwa na asidi yake ndani, kwa mnunuzi mwenye kibali.

Mimi nitaendelea na moto, kinu sina. Kusi limeanza na mvua za rasharasha. Nifanyie chini ya mwembe? (Mvuvi, Msimbati)

Chini ya mwembe ndiko kubaya zaidi, kwa sababu matone yanaendelea kudondoka mvua ikiwa imekatika. Tone la maji likizama kwenye risasi ya moto linageuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,600 kwa kufumba na kufumbua. Risasi yote iliyo juu yake inaruka. Niliona hivyo katika karakana moja nikiwa kijana. Mwenzangu alichovya upawa uliokuwa umelazwa kwenye nyasi zenye umande, na alama za ile asubuhi bado ziko shingoni kwake. Hakuwa mzembe. Upawa ulionekana mkavu.

Kwa hiyo iwe siku kavu, chini ya bati lisilovuja na pembe zote wazi, upepo ukutoke mgongoni kuelekea kusiko na nyumba. Upawa, kalibu na kila kipande unachoongeza vipashwe moto kwanza pembeni mwa jiko. Vaa viatu vilivyofunika miguu, suruali juu ya viatu, miwani. Kandambili zibaki nyumbani.

Risasi za zamani nilizoweka bandani zimeota unga mweupe. Na mwanangu anabana zile ndogo kwa meno. Kuna shida?

Kuna shida kwenye yote mawili. Unga huo mweupe ni risasi iliyoliwa na hewa yenye unyevu, nao unamezeka kirahisi kuliko risasi yenyewe. Zioshe ndani ya ndoo bila kuzisugua zikiwa kavu, kisha zipake rangi. Mwanao mnunulie koleo leo.

Kama risasi ina balaa lote hili, kwa nini tusitumie mawe kama mababu? (Mzee wa Sudi)

Shikamoo mzee. Mawe yanafaa, ila maji yanayanyang'anya uzito. Chubwi ya risasi ya gramu 250 ikizama baharini inabaki na uzito wa gramu 227 hivi. Ya zege, ili ivute sawa na hiyo, lazima iwe karibu gramu 400, na umbo lake ni kubwa, mkondo wa maji unaikokota.

Chuma je? Gramu 260 za chuma zinavuta majini sawasawa na zile 250 za risasi. Tofauti ni gramu 10. Nondo ya milimita 16 ina uzito wa kilo 1.58 kwa mita, kwa hiyo kipande cha sentimita 16 na nusu tu ni chubwi kamili. Vipande hivyo vimejaa kila penye ujenzi, vinatupwa. Kitakuwa kirefu kuliko chubwi ya risasi na kitashika kutu, lakini mistari ya nondo inashika kamba vizuri, na kikinasa mwambani umepoteza takataka. Kwa mshipi wa kina kirefu penye mkondo mkali bado mtu atataka risasi. Kwa nanga ya wavu wa jarife, na kwa mshipi wa maji ya kati kati, mimi nimeshahamia kwenye nondo. Nachomelea kitanzi cha waya mnene upande mmoja, naviringa mpira wa tyubu ya baiskeli usikwaruze mtumbwi.