Maswali ya Wasomaji: Mteja kanipa slaidi 80, anataka kozi

SWALI: Habari dada. Nipo Nkuhungu hapa Dodoma, nimesomea usanifu wa mafunzo mtandaoni na nimepata mteja wa kwanza, chama chenye ghala la mahindi kule Kibaigwa. Katibu wao kanipa slaidi 80 na kitu za sumukuvu (ile sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri), anataka nizigeuze kozi ya kusomea kwenye simu kwa wapokeaji wa ghalani. Kila nikimtumia kipande anasema kizuri afu anaongeza mada nyingine, sa hivi mpaka historia ya chama imo. Darasani tulifundishwa ADDIE, yaani uchambuzi, usanifu, utengenezaji, utekelezaji na tathmini, hatua kwa hatua ila kazini naona haifanyi kazi kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu hongera kwanza, na mada uliyopewa sio ya mchezo, wengi tunakumbuka 2016 watu walivyofariki huku Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, kwaiyo hiyo kozi ikikaa vizuri inalinda watu kweli.

ADDIE haijashindwa, we umeingilia katikati. Ule mfumo ulitengenezwa Chuo Kikuu cha Florida State mwaka 1975 kwa ajili ya jeshi la Marekani, na hatua ya kwanza ni uchambuzi, ila kwenye barua yako sioni ulipoufanya, umepokea slaidi ukaanza kutengeneza. Wateja wengi hawaombi uchambuzi, wanakuja na jibu lao tayari, "tunataka kozi", na ni kazi yako kuwarudisha kwenye shida yenyewe. Muulize katibu kwa heshima: mpokeaji akimaliza hii kozi, mnataka afanye nini ambacho leo hafanyi? Akijibu "aelewe sumukuvu" usikubali, endelea kuuliza mpaka akutajie kitendo.

Afu panda gari uende Kibaigwa, ukae pale mlangoni mahindi yanaposhushwa. Huenda ukakuta mpokeaji hajui kutambua mahindi mabichi, yani ambayo hayajakauka vizuri, anang'ata punje moja tu basi anaruhusu gunia lipite. Hapo kweli kuna cha kufundisha: chukua chupa kavu yenye mfuniko, weka chumvi kavu kidogo, weka mahindi, tikisa vizuri, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa hayo mahindi bado yana unyevu, yarudi kwenye turubai yaanikwe. Haikupi namba kama kipima unyevu, na kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usizidi asilimia 13.5, na wala haipimi sumu yenyewe, ila inamzuia mtu kuingiza ghalani gunia bichi kabisa. Hiyo ni video fupi ya simu pamoja na mazoezi ya mikono, haihitaji slaidi 80.

Au utakuta anajua vizuri sana, ila lori linasubiri, kipima unyevu kimekufa na bosi kashasema pokea tu. Hapo kozi haitasaidia kitu hata uitengeneze vipi. Mwambie katibu wazi, hata kama malipo yako yatapungua, kwa sababu ukikaa kimya watu watasoma kozi yako, watafaulu kwizi, na mahindi mabichi yataendelea kuingia vile vile, na mahindi hayo yanaliwa na watoto.

Kuhusu mada kuongezeka, andika lengo moja na umpe asaini. Robert Mager, mtaalamu wa Marekani wa kuandika malengo ya mafunzo, alishafundisha tangu 1962 kwamba lengo liseme mtu atafanya nini, akiwa na nini, kwa kiwango gani. Mfano: akipewa chupa, chumvi na mahindi ya magunia matano, mpokeaji atatenga yote mabichi bila kusaidiwa. Katibu akileta historia ya chama, mrudishe hapo, muulize inamsaidiaje mpokeaji kutenga gunia? Isiposaidia iwekwe kwenye kipeperushi. Na kwenye mkataba andikeni duru za marekebisho ni ngapi na nani mwenye neno la mwisho, mtu mmoja, sio kamati nzima.

Kabla hujamaliza zote, wape wapokeaji wawili watatu moduli moja waijaribu mbele yako, we usiwaelekeze, angalia tu wanapokwama. Na baada ya mafunzo usiridhike na "tumefurahi sana", rudi baada ya muda uangalie kwenye daftari la mapokezi kama kuna magunia yanakataliwa.

SWALI: Dada, mimi ni mwalimu hapa Kikuyu, nataka kuingia kwenye hii fani ila programu wanazotumia watu ni bei kali. Bila hizo nitapata wateja?

JIBU: Utapata, mwalimu. Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, ni ya bure, ipo tangu 2002, na H5P unaiweka humo humo ukatengeneza maswali na video za kubonyeza. Chukua somo moja unalolifundisha kila mwaka na wanafunzi huwa wanakwama, litengeneze upya kuanzia lengo mpaka jaribio, hilo ndo la kumwonyesha mteja. Programu ya kulipia utainunua mteja akiitaka, na gharama yake uiweke kwenye bei ya kazi.