Kabla ya Kudai Pesa Zako KRA, Ijue Hesabu Yako

Jioni moja mwaka 2023, nikiwa jikoni napika, simu iliita kwa nambari nisiyoijua. Mwanamume mwenye sauti ya upole alinitaja kwa majina yangu yote matatu, akasema yeye ni ofisa wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, na faili yangu ya kurejeshewa ushuru iko mezani pake. "Madam, tunakurudishia elfu thelathini na nane. Imebaki ada ya kuidhinisha tu, elfu moja mia nane na hamsini. Itume sasa hivi kabla mfumo haujafungwa."

Kilichonitia baridi ni kwamba kweli nilikuwa na dai. Nilikuwa nimeliwasilisha majuma machache nyuma na kila nikisikia mlio wa meseji nilidhani ni benki. Angempigia mtu asiyedai chochote, angekatiwa simu papo hapo. Mimi alinikuta mlangoni, nikimsubiri mgeni.

Ila nilikuwa naijua hesabu yangu hadi shilingi ya mwisho, na haikuwa elfu thelathini na nane. Nikamuuliza, "Dai langu ni la miaka gani?" Akakata.

Nataka nikueleze hesabu hiyo ilitoka wapi, kwa sababu ndiyo iliyoniokoa, na kwa sababu naamini wapo wafanyakazi wengi wa mshahara ambao wana pesa kama hizo na hawajui.

Mwanangu alipoanza shule nilimchukulia bima ya elimu, KSh 4,000 kila mwezi. Sheria ya ushuru inakupa nafuu ya asilimia 15 ya kile unacholipia bima ya maisha, ya afya, au ya elimu inayokomaa baada ya miaka isiyopungua kumi, mradi nafuu yenyewe isizidi KSh 60,000 kwa mwaka. Kwangu mimi, 48,000 kwa mwaka mara asilimia 15 ni 7,200. Mwajiri wangu wa wakati huo hakuwahi kuihesabu kwenye PAYE, ule ushuru unaokatwa kwenye mshahara, nami kwa miaka mitatu, 2020 hadi 2022, niliwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, bila kuigusa sehemu ya bima. Jumla yake ni 21,600. Kwa mama anayelipa karo, hizo si pesa za kuachilia.

Bima si njia pekee. Aliyekopa benki kununua au kujenga nyumba anayokaa hupunguziwa riba ya mkopo kwenye mapato yanayotozwa ushuru. Kiwango cha juu kilikuwa 300,000 kwa mwaka, kikapandishwa hadi 360,000 mwishoni mwa Desemba 2024. Mtu mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha cha KRA hatozwi ushuru kwa 150,000 za kwanza za kila mwezi. Na tangu Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri ahesabu nafuu hizi zote mwenyewe anapokata PAYE. Hilo ni jambo jema, lakini hawezi kuhesabu cheti ambacho hujampelekea. Peleka nakala kwa mhasibu, ubaki na nyingine yenye sahihi ya kupokelewa.

Kwa miaka iliyopita, kazi ni yako. Dai hukubaliwa ndani ya miaka mitano tangu ushuru ulipolipwa, na ritani ya zamani inaweza kurekebishwa ndani ya muda huohuo. Nilianza kwa kumwomba mwajiri P9, fomu inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa, za miaka yote mitatu. Kisha nikaenda kwa kampuni ya bima nikapewa vyeti vya malipo, kimoja kwa kila mwaka, bila kutozwa chochote. Cheti kinakuwa na nambari ya bima, tarehe ya kuanza na ya kukomaa, na kiasi ulicholipa. Usijaze kwa kukisia; ofisa atakuja kuvilinganisha na ulichoandika.

Hapa ndipo wengi hukwama: kwenye fomu ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, ukurasa wa kwanza kabisa, kuna swali kama una bima. Ukijibu hapana, sehemu ya bima haifunguki na utaitafuta hadi macho yaume. Jibu ndiyo, jaza, kisha teremka kwenye hesabu ya mwisho. Ukiona nambari yenye alama ya kutoa mbele yake, hizo ndizo pesa zako. Jaza pia akaunti ya benki iliyo kwa jina lako mwenyewe, si ya mume wala ya dada. Tunza ile stakabadhi ya kupokelewa inayotoka baada ya kuwasilisha. Na kama una faini ya zamani, tuseme zile 2,000 za kuchelewesha ritani, ilipe au ujue kwamba inaweza kukatwa humo humo.

Ukiogopa kompyuta, kuna madawati ya KRA kwenye vituo vya Huduma na wanahudumia bure. Mimi nasisitiza hili kwa sababu ya saiba, vile vibanda vya intaneti. Vijana wa saiba wametusaidia sana, sitawasema vibaya wote. Lakini nimeona kwa macho yangu karatasi iliyobandikwa ukutani yenye PIN za KRA na nywila za wateja, na namjua mama aliyefanyiwa ritani ya sufuri, ya mtu asiye na mapato, ilhali ameajiriwa na anakatwa PAYE kila mwezi. Mwenye nywila yako ya iTax anaweza kubadilisha baruapepe yako na akaunti ya benki. Ukilazimika kwenda huko, andika nywila kwa mkono wako, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka, na uibadilishe ukifika nyumbani.

Sasa nirudi kwa matapeli, maana yule wa simu ni mmoja tu. Jirani yangu, mzee wa watu, alipokea meseji ya kiungo: "KRA imeidhinisha marejesho yako, bofya upokee kwa M-PESA." Ukurasa uliofunguka ulifanana na iTax, nembo na rangi vilevile. Ukamwomba nambari ya kitambulisho, nywila ya iTax, kisha PIN ya M-PESA. Akaandika. Karo ya mjukuu wake ikaondoka usiku huo. Anwani ya kweli ni itax.kra.go.ke, na jina la tovuti linaishia hapo kwenye .go.ke; ukiona nukta na maneno mengine yameunganishwa nalo, kama .com, funga. Iandike mwenyewe, usibofye ya kutumiwa. Hakuna ada ya kurejeshewa ushuru. Hakuna ofisa anayehitaji PIN yako ya M-PESA, wala ile namba ya siri inayoingia kwenye simu yako.

Mtu akikupigia, si lazima ubishane naye. Mwambie utapiga wewe, kisha piga 0711 099 999, laini ya KRA, utaje nambari ya stakabadhi yako. Nambari ya tapeli itume kwa 333 ikiwa uko Safaricom.

Mzee nilimkuta asubuhi yake amekaa nje, hataki hata kuwaambia watoto wake. Aibu ile ndiyo iliyoniuma kuliko pesa zenyewe. Tulipiga simu Safaricom kwanza, tukabadilisha PIN, tukaenda kituo cha polisi akapewa nambari ya OB, ya kitabu cha kuandikia matukio, kisha tukabadilisha nywila yake ya iTax, ambayo alikuwa ameiandika kwenye ukurasa uleule. Pesa hazikurudi. Lakini tulipofungua iTax yake pamoja tuligundua kwamba ana bima ya afya aliyoilipia mwenyewe miaka yote kabla hajastaafu, na hajawahi kudai nafuu yake. Miwili kati ya miaka hiyo bado iko ndani ya ile mitano. Vyeti tumeshaviomba.