Majina manne ya Wi-Fi si kuta nne: kwa mafundi wapya wa mitandao

Vijana wangu, nimekagua kazi mlizokabidhi karibuni na kukuta akses pointi (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) zenye majina manne ya Wi-Fi, kila jina na nenosiri lake, huku simu ya mgeni ikifungua ukurasa wa kamera za ulinzi bila kizuizi. Mnajituma, nami nawapenda kwa hilo, lakini kosa hili limerudiwa mno.

1. Akses pointi pepe, yaani majina kadhaa ya Wi-Fi yanayorushwa na kifaa kimoja, hutenganisha watu pale tu ambapo njia nzima inawatenganisha. Redio ni moja. Kila SSID (jina la Wi-Fi) hupewa BSSID (anwani yake hewani) na VLAN (mtandao pepe uliotengwa) yake, na kazi iliyobaki iko kwenye swichi na ruta. Katika hoteli moja tuliwaweka wageni VLAN 30 na kaunta VLAN 10, tukapima kasi, tukaondoka tumeridhika. Tulisahau kwamba ruta yenye anwani katika VLAN zote mbili hupitisha pakiti kutoka upande mmoja hadi mwingine mpaka iwekewe kanuni ya kuzuia. Mgeni mmoja aliona simu yake imepewa anwani inayoanza na 192.168.30, akaandika 10 mahali pa 30, akajaribu namba chache za mwisho, na ukurasa wa printa ya kaunta ukafunguka mbele yake. Tunamshukuru kwamba alikwenda kumwambia meneja. Tangu hapo sikabidhi kazi kabla ya kuingia kwa Wi-Fi ya wageni na kujaribu kufikia kila VLAN nyingine, pamoja na ukurasa wa ruta yenyewe.

2. Washeni utenganisho wa wateja (client isolation), yaani wa vifaa vilivyojiunga, kwenye SSID ya wageni, kwani VLAN haizuii simu mbili zilizomo ndani yake kuonana.

3. SSID zisizidi tatu au nne. Kila moja hujitangaza takriban mara 10 kwa sekunde, kwa kasi ya chini ambayo kwenye GHz 2.4 mara nyingi ni Mbps 1, na zote hugawana chaneli ileile. Idara zikiwa nyingi, tumieni 802.1X, ambapo kila mtu huingia kwa utambulisho wake, ili seva ya RADIUS (inayothibitisha utambulisho huo) impangie kila mfanyakazi VLAN yake kupitia SSID moja.

4. Kuficha SSID si ulinzi, kwa sababu simu hulitaja jina hilo hewani inapojiunga.

5. Porti ya swichi inayokwenda kwenye akses pointi ipitishe VLAN zinazohitajika tu. Ile akses pointi mnayoifunga barazani, yeyote anaweza kuichomoa waya na kuchomeka kompyuta yake.