Programu imeninyima mkopo: nani awajibike?

Swali: Niliomba mkopo kwa simu, nikakataliwa papo hapo. Nilipouliza sababu, mhudumu alisema uamuzi ni wa akili mnemba na hata yeye haoni undani wake. Je, sheria inaweza kudhibiti kitu ambacho mwenyewe hawezi kukieleza?

Jibu: Inaweza, mradi imbane aliyeamua kuutumia mfumo huo badala ya kuhangaika na mashine. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1970, sheria humtaka mkopeshaji ataje sababu za kumkatalia mwombaji. Haikuhitaji kujua kwamba siku moja kazi hiyo itafanywa na programu. Sheria inayotaja aina ya teknolojia huchakaa upesi. Inayotaja wajibu hudumu.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 22 cha sheria yake ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika 2018, kinampa aliyeamuliwa na mashine peke yake haki ya kumpata binadamu wa kumsikiliza na ya kuupinga uamuzi. Ikajengwa hoja kwamba kampuni inayokokotoa alama za ukopaji, yaani namba za kukadiria kama mtu atalipa deni, haiamui chochote, anayeamua ni benki. Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliikataa: benki ikizitegemea mno alama hizo, kuzikokotoa nako ni kuamua.

Kigumu zaidi ni siri za biashara, na hofu ya kampuni kuigwa si ya kupuuzwa. Lakini Februari 2025, katika kesi ya mtu aliyenyimwa mkataba wa simu wa euro 10 kwa mwezi, mahakama hiyohiyo ilisema mwombaji aelezwe kwa lugha inayoeleweka taarifa zake zipi zilitumika, na vipi. Kumkabidhi fomula ya hesabu hakutoshi. Panapodaiwa siri, mdhibiti au mahakama ndiyo ipewe taarifa hizo na ipime.

Hata hivyo, maelezo mazuri hayaondoi ubaguzi. Mfumo unaweza usiguse kabila lako kabisa, ukatumia mtaa unaoishi, na matokeo yakawa yaleyale. Mtu mmoja hawezi kuligundua hilo kwa barua yake moja ya kukataliwa. Ndiyo maana nasisitiza mdhibiti awe na mamlaka ya kukagua maelfu ya maamuzi kwa pamoja, bila kusubiri malalamiko.

Kwa sasa, mwandikie mkopeshaji. Omba sababu mahususi, taarifa zako zilizotumika, na binadamu aupitie upya uamuzi. Tunza nakala. Akikaa kimya, na nchi yako ina mamlaka ya kulinda taarifa binafsi, peleka malalamiko huko pamoja na barua hiyo.