Kidani cha fedha chenye njumu ya mbao za jahazi: kipi kitangulie, kipi kifuate

Ndugu yangu, swali lako nimelielewa hivi: una bangili za fedha za bibi zilizovunjika, una vipande vya mbao za jahazi ulivyopewa na mafundi wa pale ufukweni Bagamoyo, na unataka bangili mpya yenye nakshi ya majani ya mikoko na hizo mbao zitiwe njumu, yaani zipachikwe ndani ya fedha. Kuna fundi amekushauri utafute mashine ya leza ya kuchora nakshi. Kazi hii naifanya kwa mkono hapahapa Bagamoyo, basi nakujibu kwa ninavyofanya.

Bangili iache kwanza. Ina mviringo, na mbao ikishakaa ndani huwezi tena kuikunja fedha bila mbao kupasuka. Anza na kidani bapa.

Wengi huharibu kwenye mpangilio wa kazi. Moto wote wa kulehemu utangulie, ifuate njumu, kalamu ya chuma ya kukatia nakshi ije mwisho. Ukichora nakshi kwanza halafu utie mbao, itabidi usawazishe kwa tupa na msasa, na nakshi yako yote itaondoka na unga. Ukitia mbao halafu ukumbuke hujalehemu kikonyo cha mkufu, mbao itaungua.

Shimo la njumu usilichimbe. Chukua bamba la juu lenye unene kama milimita moja, litoboe dirisha kwa msumeno mwembamba wa sonara, kisha lilehemu juu ya bamba lingine jembamba. Hapo una shimo lenye kuta zilizosimama na sakafu bapa. Kuta zipige tupa zilalie ndani kidogo, chini pawe papana kuliko juu, ili gundi ikishakauka ishike kama kabari. Sakafu ikwaruze, gundi haipendi fedha laini.

Mbao ya jahazi ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Ukiigundisha ilivyo, baada ya masika itainuka. Iloweke kwenye maji baridi, ukiyabadilisha kila mara mpaka ukionja usisikie chumvi, kisha ikauke kivulini polepole. Uliza pia kila kipande kimetoka wapi kwenye chombo. Ubao wa mvule una rangi ya dhahabu inayoendelea kukolea, ila mimi napenda zaidi vipande vya mataruma, yaani mbavu za jahazi, kwa sababu mara nyingi ni mlilana, nao ni mti wa mikoko. Jani la mlilana kwenye fedha, na mlilana wenyewe pembeni yake: huhitaji kumweleza mteja mengi. Ukitaka cheusi, waombe wachongaji masalia ya mpingo. Ni mzito kiasi cha kuzama majini na hauchezichezi na hali ya hewa. Unga wake tu ndio mchafu, usiusugue karibu na mbao nyeupe.

Majani yenyewe nenda ukayaangalie maji yakitoka, usichore ya kwenye simu. La mlilana ni la mviringo, nene, mishipa yake haionekani vizuri, hivyo ukilijazia mishipa umechora jani la mti mwingine. La mkoko wenyewe lina ncha ndogo mwishoni, na ukiligeuza utaona vidoti vyeusi vingi mgongoni. La mchu limechongoka, na upande wa chini ni wa kijivu cheupe. Hilo ndilo linalokaa vizuri zaidi kwenye fedha. Ulichore limepinduka nusu. Upande wa juu ujaze mistari ya karibukaribu, upande wa chini uuache mtupu.

Kalamu nzuri unaweza kuitengeneza kwa tupa iliyokwisha: ipashe mpaka iwe nyekundu, izamishe kwenye mafuta, isugue ing'ae, kisha ipashe tena taratibu mpaka iwe na rangi ya majani makavu. Ncha iweke kwenye ukucha wa dole gumba. Ikiteleza, rudi kwenye jiwe la kunolea. Unapokata, mkono wa kalamu unasukuma tu, anayepinda mstari ni mkono unaozungusha kazi. Ukiilaza kalamu ubavu katikati ya mstari, mkato unapanuka halafu unasinyaa, na ukuta wake unang'aa kama kioo. Kwa jicho langu, leza za bei nafuu hazitoi hilo. Zinaacha mstari wa kijivu usiocheza na mwanga. Na kwa kuwa mbao imeshagundishwa, usishike kazi kwenye lami ya moto, gundi italegea. Tumia kibanio cha mbao na kabari.

Kuhusu malighafi: ukiletewa riale, zile sarafu za kale za fedha zenye sura ya Maria Theresa, zimeandikwa 1780 hata zile zilizopigwa miaka mingi baadaye, na fedha yake ni sehemu 833 kwa 1000. Ukiziyeyusha pamoja na fedha ya 925, yaani sehemu 925 kwa 1000, usimwambie mteja ni 925. Gamba la kasa na pembe za ndovu usiguse hata ukipewa bure. Na vigae vya sahani pale magofu ya Kaole si vya kuokota, hata kiwe kidogo kama ukucha. Zile ni mali za kale na zina sheria yake tangu 1964.

Ili kutia weusi kwenye mikato, huna haja ya dawa ya dukani. Chemsha yai mpaka kiini kikauke, livunje likiwa la moto, lifungie na kidani kwenye kopo bila kugusana. Fedha ikishakuwa nyeusi, pitisha msasa laini kabisa juu juu, weusi ubaki mikatoni, kisha mbao ipake mafuta ya nazi kidogo kwa kidole.