Usimlipe wakala wa Kanada

Dada, umesema una miaka 31, ni nesi mwenye digrii, miaka minne kazini Mwanza, na wakala anataka milioni tatu akupatie barua ya ajira ya Kanada "ya kuongeza pointi". Usitoe hata shilingi. Pointi za barua ya ajira kwenye Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua kwa pointi wenye ujuzi wanaotaka ukaazi wa kudumu, zilifutwa Machi 2025. Unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kufungua wasifu kwenye mfumo huo ni bure, unajaza mwenyewe. Kinachokula hela mwanzoni ni mtihani wa lugha na tathmini ya vyeti. Anza na mtihani, maana pointi nyingi zimelala humo. Ukichagua IELTS (mtihani wa Kiingereza), fanya ya General Training, siyo Academic (wengi wamepoteza ada hapo). Kiwango cha chini ni 6 kila kipengele, lakini hiyo inakufikisha mlangoni tu. Lenga 8 kusikiliza na 7 kwingine. Hapo pointi zinaruka. Majibu yanadumu miaka 2, na umri nao unakukata pointi kila mwaka, kwa hiyo usikae sana.

Kifaransa kidogo cha sekondari unacho? Kinoe. Wanaokimudu vizuri huitwa kuomba ukaazi kwa pointi za chini. Na jimbo la Kanada likikupendekeza, unapata pointi 600 papo hapo.

Ila ukaazi wa kudumu si leseni ya uuguzi. Hiyo inatolewa na bodi ya jimbo, na uchunguzi wao huchukua muda. Andikia chuo chako mapema kuhusu nakala za matokeo, unajua mwenyewe masijala zetu zilivyo.